Rangi iliingia lini? Kuwasoma wanyama wa udongo wa Meksiko

Watandaze juu ya meza moja wanyama wote wanaouzwa kwa jina la "sanaa ya Meksiko" na utaona kwamba hawafanani hata kidogo. Yupo paka wa kijivu mwenye maua na vipepeo mgongoni, anayeng'aa bila kupakwa kitu. Yupo chura wa njano na buluu, uso wake kama kioo. Yupo jagwa, yule chui mnene wa misitu ya Amerika, mwenye madoa meusi na waa la moshi ubavuni. Yupo mbwa mnene mwekundu ambaye muuzaji ananong'ona kuwa ametoka kaburini. Na yupo jogoo wa ajabu mwenye rangi za waridi na zambarau, harufu ya vanishi bado haijamtoka. Wote wana kibandiko kimoja: kazi ya mkono, imechorwa kwa mkono, ya kale.

Ya kwanza kwa kawaida ni nusu kweli, ya pili ni kweli, na ya tatu mara nyingi si kweli. Anayetaka kuwakusanya wanyama hawa, au aliyerithi wawili watatu na hajui awafanye nini, hana haja ya kuanza kwa kukariri majina ya wafinyanzi. Mimi ningeanza na swali moja tu: rangi iliingia lini, kabla ya moto au baada yake?

Rangi iliyotangulia moto ni udongo mwenyewe. Mfinyanzi huchukua udongo laini wa rangi nyingine, au udongo uliochanganywa na oksidi ya chuma, ya manganizi au ya kobalti, akauyeyusha kwenye maji na kuchora nao. Tanuri likishawaka, mchoro na mnyama huwa kitu kimoja, na huwezi kuubandua bila kulikwangua umbo lenyewe. Rangi iliyokuja baada ya moto ni rangi kama ya ukutani: ya mafuta, ya akriliki, au zile poda za anilini, rangi za viwandani, zilizofunikwa kwa vanishi. Hiyo imekaa juu ya ngozi. Inapauka juani, inachubuka kwenye masikio na mkia, na ukiigusa kwa pamba yenye unyevu sehemu iliyojificha, mara nyingine inaacha doa kwenye pamba. Jibu la swali hili litakwambia jinsi ya kumsafisha mnyama wako, atadumu kiasi gani, na mara nyingi ametoka kijiji gani. Halitakwambia kama ni kazi nzuri. Kuna kazi bora pande zote mbili.

Twende Tonalá, kwa sababu ndiko walikotoka wengi wa wanyama utakaokutana nao. Ni mji wa wafinyanzi katika jimbo la Jalisco, magharibi mwa Meksiko, ambao leo umeungana na jiji la Guadalajara kiasi kwamba mpita njia hajui mmoja unaishia wapi. Jirani yake ni Tlaquepaque, mji mwingine wa udongo, wenye maduka mengi zaidi na vumbi kidogo. Tonalá walikuwa wanafinyanga kabla Wahispania hawajafika karne ya 16, na hawajaacha.

Kazi inayoutambulisha mji huo huitwa bruñido, maana yake kilichosuguliwa. Mfinyanzi huchanganya udongo wa aina mbili, mmoja mweusi na mwingine mweupe, akautwanga, akauchekecha na kuukanda. Kisha huutandaza bapa na kuukandamiza kwenye kalibu. Hapa wanunuzi wengi wapya hukata tamaa: kumbe wanatumia kalibu! Ndiyo, wanatumia, na wametumia kwa vizazi. Nusu mbili za bata hutoka kwenye kalibu, zikaunganishwa zikiwa bado mbichi, mshono ukakwanguliwa, shingo na mdomo vikarekebishwa kwa vidole. Kalibu yenyewe huenda aliitengeneza babu. Kwa hiyo neno "kazi ya mkono" lina ukweli wake, ila usitarajie kwamba bata wako hana ndugu. Ana ndugu mamia. Kinachomtofautisha nao ni mchoro.

Umbo likikauka hupakwa maji ya udongo mwepesi, kijivu, krimu, kahawia au samawati iliyopauka. Ndipo mchoraji anapoingia, na si lazima awe ndiye aliyefinyanga. Brashi zake anajitengenezea mwenyewe kwa manyoya ya mbwa, nyingine nyembamba kiasi cha kuchora mshipa wa jani. Hachori kwanza kwa penseli. Anamshika mnyama kwa mkono wa kushoto, anamzungusha, na mstari unatoka mgongoni ukashuka hadi kifuani bila kuinuliwa. Angalia kwa karibu bata mzuri wa Tonalá na utaona mahali brashi ilipogusa kwa unene na mahali ilipoondoka ikiwa nyembamba. Katika kazi ya haraka, mistari yote ina unene mmoja, na maua yamemwagwa kujaza nafasi tu.

Mwisho, kabla ya moto, uso wote husuguliwa kwa kipande cha pirite, yale madini ya rangi ya dhahabu yanayowadanganya wachimbaji. Kusugua huko huzilaza chembe za udongo na kuziba vinyweleo vya juu, na mng'aro unatokea wenyewe. Wafinyanzi wa kwetu wanaong'arisha vyungu kwa kokoto ya mtoni wangeielewa kazi hii bila mkalimani. Kisha chombo huchomwa kwenye tanuri dogo la kuni, joto likiwa chini ya nyuzi 1,000. Huo ndio mwisho. Hakuna glezi, yaani ule utando wa kioo juu ya vyombo vya mezani. Anayemsifu paka wa bruñido kwa "glezi yake nzuri" anasifu kitu ambacho hakipo.

Mapambo yana msamiati wake. Kuna tai mwenye vichwa viwili, kulungu, sungura, njiwa, jua lenye uso. Kuna petatillo, ambapo nafasi zote zinazozunguka picha hujazwa mistari myembamba iliyopishana kama ukili wa mkeka; ni kazi ya kuumiza macho, na bei yake inastahili kuwa kubwa. Halafu kuna nahual, kiumbe ambaye mji wa Tonalá umemfanya nembo yake. Ana mwili wa mnyama wa jamii ya paka na uso unaocheka kama mtu. Katika imani za Meksiko nahual ni mtu mwenye uwezo wa kujigeuza mnyama, na msomaji wa Kiswahili hahitaji kuelezwa sana, kila kijiji chetu kina hadithi zake za fisi ambaye si fisi. Tofauti ni kwamba wao wamemchora kwenye sahani.

Bundi nao wana kisa. Tonalá hutengeneza bundi wengi mno, wakubwa kwa wadogo, macho ya duara kama sarafu. Lakini Wameksiko wenyewe wana msemo wa zamani kwamba bundi akilia, Mwindio, yaani mwenyeji wa asili, hufa. Nuksi ile ile ya kwetu. Nuksi hiyo haijawazuia kumuuza kwa watalii, ambao kwao bundi ni ndege wa hekima. Ukiona jirani anakataa kuingia sebuleni mwako kwa sababu ya bundi aliye kwenye rafu, mwambie kwamba hata huko alikotoka kuna wanaomwogopa.

Sasa suala la ukale. Udongo wa Tonalá ni wa kale kweli kama bidhaa ya biashara. Katika karne ya 17 vyombo vyekundu na vyenye harufu nzuri kutoka eneo hilo vilisafirishwa kwa meli hadi Hispania, vikiitwa búcaros. Vilipoza maji na kuyapa ladha ya ardhi iliyonyeshewa. Wanawake wa koo tukufu walivipenda kiasi cha kutafuna vigae vyake, kama mjamzito anavyotafuna udongo wa kula Dar es Salaam au Kampala. Mkusanyiko mkubwa wa vyombo hivyo, uliokuwa wa Condesa de Oñate, mwanamke mmoja wa koo hizo, sasa uko Museo de América mjini Madrid. Baadhi ya wanahistoria wa sanaa husema hata kile kikopo chekundu anachopewa binti mfalme kwenye mchoro wa Mhispania Velázquez wa mwaka 1656, Las Meninas, ni kutoka huko.

Lakini hivyo vilikuwa vyombo vya maji. Bata na paka wa kukaa kwenye rafu, wasio na kazi nyingine, ni mambo ambayo kwa sehemu kubwa yalikuzwa na karne ya 20. Baada ya mapinduzi yaliyoanza mwaka 1910, serikali ya Meksiko ilitafuta kitu cha kuwaunganisha watu, na mwaka 1921, katika maadhimisho ya miaka 100 ya uhuru, wasanii kama Roberto Montenegro, Jorge Enciso na yule aliyejiita Dr. Atl walipanga maonyesho ya sanaa za wananchi katika mji mkuu. Vyungu vilivyokuwa vya jikoni kwa maskini vikawa fahari ya taifa. Mwaka 1926 mpiga picha Mmarekani Edward Weston alikuwa Tonalá akipiga picha ya mkono wa mfinyanzi Amado Galván ukiwa umeshika chombo, picha ambayo bado inatazamwa hadi leo. Mwaka 1930 maonyesho makubwa ya sanaa za Meksiko yalifunguliwa Metropolitan Museum, New York, kisha yakazunguka miji mingine ya Marekani. Watalii wakaja, na mtalii ana sanduku. Mtungi wa lita 20 hauingii sandukuni. Njiwa anaingia.

Ndiyo maana nasema muuzaji anayekwambia paka wake ni "wa karne nyingi" anachanganya mambo. Ufundi ni wa karne nyingi. Paka mwenyewe, ukibahatika, ni wa miaka ya 1940 au 1950. Hilo halimpunguzii hadhi, linapaswa kupunguza bei tu.

Muhuri wa chini unasaidia kidogo. Sheria ya ushuru ya Marekani ya mwaka 1890 ilidai bidhaa za nje ziandikwe nchi zilikotoka, kwa hiyo mnyama mwenye maandishi "Made in Mexico" alitengenezwa au aliandaliwa kwa soko la nje. Asiye na maandishi huenda alikuwa na kibandiko cha karatasi kikadondoka, au alinunuliwa sokoni kwao akabebwa begani. Usimpandishe cheo kwa sababu hana muhuri, wala usimtupe.

Mwishoni mwa miaka ya 1950 na mwanzoni mwa 1960 kilitokea kitu kilichowavuruga wakusanyaji hadi leo. Jorge Wilmot, msanii aliyezaliwa Monterrey, alihamia Tonalá akaleta tanuri la joto kali, karibu nyuzi 1,300, na udongo unaogeuka kuwa mgumu kama jiwe. Mmarekani Ken Edwards alifanya kazi katika mkondo huo huo. Waliwachukua wachoraji wa mji, wenye brashi zile zile za manyoya na maua yale yale, wakawapa udongo mpya. Matokeo ni wanyama wa kijivu na buluu wanaofanana kwa mbali na bruñido lakini ni kitu kingine kabisa. Hawanywi maji, wana glezi isiyo na risasi (ile metali yenye sumu, tutairudia), na ukiwagonga kwa kucha wanalia kengele. Wa Edwards huwa na herufi KE chini.

Kuwatofautisha ni kazi ya nusu dakika. Mgeuze mnyama. Kitako chake mara nyingi hakikupakwa kitu, na kina tundu dogo la kutolea hewa, kwa sababu mnyama mwenye uwazi ndani asiye na tundu hupasuka tanurini. Dondosha tone la maji kwenye udongo ulio wazi, tone moja tu. Likinywewa palepale na kuacha doa jeusi, una mnyama wa moto mdogo. Likikaa limeviringana hadi ulifute, una wa moto mkali. Kisha mgonge taratibu kwa kucha: wa moto mdogo ana sauti ya kibuyu kikavu. Ukisikia mkwaruzo wa sauti badala ya mlio, mahali fulani pana ufa, hata kama huuoni.

Rangi ya baada ya moto ina makao yake pia. Ndani ya wilaya hiyo hiyo ya Tonalá kuna kijiji cha Santa Cruz de las Huertas, na huko wafinyanzi walipendelea wanyama wa ndotoni: simba wenye nyuso za watu, majogoo wenye meno, nahual waliopanda magari. Anayejulikana zaidi ni Candelario Medrano, aliyefariki katika miaka ya 1980 na kuacha makanisa, mabasi na wanyama ambao leo wamo katika makumbusho. Udongo ulichomwa mtupu, halafu ukapakwa rangi kali na kufunikwa kwa mafuta ya utomvu wa msonobari yanayoitwa betus, ambayo yamezipa kazi hizo jina lao. Kwa mkusanyaji mwenye macho ya bruñido, vitu hivi huonekana vya kitoto. Kwangu mimi ndivyo vyenye uhai kuliko vyote, na ndivyo vinavyokufa haraka kuliko vyote, kwa sababu rangi haina pa kushika. Kipande cha Medrano kilichopoteza nusu ya rangi yake bado ni cha Medrano. Kilichopakwa upya na mwenye nyumba aliyetaka kikae vizuri ni hasara tupu.

Nje ya Jalisco safari ni ndefu, na nitapita kwa haraka. Amatenango del Valle, jimbo la Chiapas, wafinyanzi ni wanawake wa Kitzeltal, kabila la wenyeji wa asili, nao wanachoma bila tanuri. Vyombo hupangwa chini, kuni zikawekwa juu na pembeni, moto ukawashwa. Njiwa na jagwa wao huwa na mawaa ya moshi, na mawaa hayo ni cheti cha uhalali, si kasoro. Juana Gómez Ramírez wa huko amewafikisha jagwa wa udongo kwenye ukubwa ambao mtu mmoja hawezi kuwabeba. San Bartolo Coyotepec, jimbo la Oaxaca, ndiko kwa udongo mweusi unaong'aa, ufundi uliopata sifa kupitia Doña Rosa Real, na wanyama wake hawachorwi bali huchongwa na kusuguliwa. Atzompa, Oaxaca hiyo hiyo, wana wanyama wa glezi ya kijani, na wale wenye mifereji mwilini wanaopandwa mbegu za chia zikaota kama manyoya. Acatlán, jimbo la Puebla, alikuwepo Herón Martínez, aliyewapandanisha wanyama mmoja juu ya mwingine hadi ukajiuliza ni kipi kinachowashikilia.

Majina mawili yanatumiwa vibaya kuliko yote, nayo ni talavera na alebrije. Talavera halisi ni ufinyanzi wa Puebla na Tlaxcala wenye glezi nyeupe ya bati na rangi chache zinazoruhusiwa, jina lake likilindwa kisheria nchini Meksiko, na karakana zake hukaguliwa. UNESCO iliuingiza ufundi huo kwenye orodha ya urithi wa binadamu mwaka 2019. Yule chura wa njano na buluu tuliyemwacha mezani kwa kawaida hatoki Puebla. Anatoka Dolores Hidalgo, jimbo la Guanajuato, au penginepo wanapoiga mtindo huo. Anaweza kuwa chura mzuri sana wa bustani, lakini kumwita talavera ni kumpa ukoo usio wake. Nao alebrije, wale madubwana wenye mabawa na rangi za kelele, si udongo. Walianza kwa karatasi na gundi mikononi mwa Pedro Linares, fundi wa Mexico City aliyewaota akiwa mgonjwa mwaka 1936, na baadaye wachongaji wa Oaxaca wakawahamishia kwenye mti. Mwenye alebrije "wa udongo" anauza mnyama wa udongo mwenye rangi nyingi.

Tumrudie mbwa mwekundu wa kaburini. Magharibi mwa Meksiko, hasa katika jimbo la Colima, watu walioishi huko miaka 2,000 hivi iliyopita walizika wafu wao katika makaburi ya shimo pamoja na mbwa wa udongo, wanene, waliosuguliwa hadi kung'aa. Ni wanyama wazuri mno, na mchoraji mashuhuri wa Meksiko, Diego Rivera, alikusanya vitu vya kale vya aina hiyo kwa makumi ya maelfu, ndivyo vilivyojaza jumba lake la Anahuacalli. Wewe usimuige. Sheria ya Meksiko ya mwaka 1972 inasema vitu vyote vya kale vya kabla ya Wahispania ni mali ya taifa, na kuvitoa nchini ni kosa. Mbwa aliyepo dukani kwa kawaida ama ni nakala, ama ni mali ya wizi. Nakala nzuri ikiuzwa kama nakala, nunua kwa furaha.

Na nakala zinaweza kuwa nzuri kupita kiasi. Mwaka 1974 polisi katika jimbo la Veracruz walimkamata Brígido Lara kwa tuhuma za kupora vitu vya kale. Alisema hakupora chochote, alivifinyanga mwenyewe. Hawakumwamini, hadi alipoletewa udongo gerezani akafinyanga vingine, na wataalamu wakavitazama wakasema ni vya kale. Aliachiwa. Baadaye makumbusho ya Xalapa ilimwajiri, na ikajulikana kwamba baadhi ya kazi zake zilikuwa zimeshaingia makumbusho za nje kama vitu vya kale halisi.

Sahihi, je? Wakusanyaji wapya huipenda sahihi kwa sababu inasomeka. Lakini kwa miaka mingi wafinyanzi wa Meksiko hawakutia sahihi, hakukuwa na sababu. Nani anatia sahihi kwenye mtungi wa maji? Tabia hiyo ilikuja na watalii, maduka na mashindano yenye zawadi. Na hata ilipokuja, jina lililoandikwa chini ya bata mara nyingi ni la baba mwenye karakana. Udongo alikanda kijana, uso alisugua mke, maua alichora binti. Kusugua ndiko kunakochukua saa nyingi zaidi, na anayesugua ndiye asiyetajwa. Kwa hiyo mimi hutazama mstari wa brashi kwanza na sahihi baadaye. Mchoro wa kivivu wenye jina kubwa ni mchoro wa kivivu. Ikiwa unanunua kwa mfinyanzi aliye hai, muulize nani alichora, uandike jina hilo kwenye karatasi pamoja na mji na mwaka, uiweke pamoja na kipande. Karatasi hiyo itamfaa mrithi wako kuliko hadithi.

Kuna jambo ambalo si la ladha wala la bei, nalo ni risasi. Wahispania walileta glezi ya oksidi ya risasi, inayoitwa greta, kwa sababu huyeyuka kwa joto dogo ambalo tanuri la kuni linaweza kulifikia. Utando wake ni laini na unapendeza, lakini katika joto hilo risasi haifungwi sawasawa. Ndimu, nyanya au siki huitoa, ikaingia chakulani na kisha kwenye damu, na wanaoumia zaidi ni watoto. Serikali ya Meksiko, ikiwemo taasisi yake ya kazi za mikono, FONART, iliyoanzishwa mwaka 1974, imehimiza glezi zisizo na risasi, na karakana nyingi zimebadilika, nyingine bado. Mnyama wa mapambo aliyetulia kwenye rafu hana shida. Shida ni kasa aliyegeuzwa kuwa kibakuli cha achari, jogoo wa kuwekea chumvi, na hasa zile filimbi ndogo za umbo la ndege ambazo mtoto huziweka mdomoni. Ikiwa ina glezi inayong'aa na hujui ilikotoka, iwe ya kutazamwa tu.

Kuwatunza si kazi kubwa ukishajua jibu la swali la kwanza. Wa moto mkali mwoshe kwa maji na sabuni kama sahani. Wa bruñido mfute vumbi kwa kitambaa laini kikavu, usimloweke kamwe. Maji yataingia kupitia kitako, yasukume chumvi zilizomo ndani ya udongo zitokeze juu kama unga mweupe na kuuinua mng'aro. Wa rangi ya baada ya moto mguse kwa brashi kavu ya manyoya na umweke mbali na dirisha. Wale tunaoishi pwani tuna adui wa ziada, unyevunyevu wa chumvi, kwa hiyo rafu iliyo mkabala na upepo wa bahari haifai. Akivunjika, kusanya hata vipande vidogo, umpeleke kwa mtu anayejua gundi inayoweza kuondolewa. Gundi kali ya dukani inashika mara moja, na ikishika vibaya imeshika milele.

Kuhusu kununua, ningependa kusema nendeni Tonalá siku ya Alhamisi au Jumapili, wakati soko la barabarani linapofurika hadi kwenye milango ya nyumba, na mfinyanzi akikuonyesha karakana nyuma ya duka ujue una bahati. Wengi wetu hatutafika. Ndugu zetu walioko Marekani wanakutana na wanyama hawa katika maduka ya mitumba na minada ya vitu vya marehemu, kwa sababu kizazi kilichobeba njiwa sandukuni miaka ya 1960 kinaondoka na watoto hawataki makabati ya vioo. Bei huko ni ya bahati nasibu: bata wa bruñido aliyechorwa vizuri hukaa kwenye kapu moja na vikombe vya plastiki, na chura mpya mwenye kibandiko cha talavera hukaa kabatini. Mgeuze, dondosha tone lako la maji, tazama mstari. Mtandaoni omba picha ya kitako, na muuzaji anayekataa kupiga picha ya kitako ameshakujibu.

Ukishamnunua, zungushia gazeti kila sehemu inayochomoza, masikio, mdomo, mkia, kabla ya kufunga mwili, kisha weka boksi ndani ya boksi. Na kwenye ndege asiende na mizigo ya chini. Mbebe miguuni.